Taa Kuwaka Si Shahada ya Usalama

Msimu wa korosho uliopita, minada ilipokuwa ikielekea ukingoni na malipo yameanza kuwafikia wakulima, mpwa wangu mmoja alinijia nyumbani Mtawanya akaniomba nifuatane naye hadi Mtwara mjini, upande wa Shangani, kuitazama nyumba kongwe aliyokusudia kuinunua. Kwetu sisi watu wa kusini mjomba ana haki yake, na moja katika haki hizo ni kuwa mpwa haposi mke wala hanunui nyumba kabla ya mjomba kuulizwa. Basi nilikwenda kwa furaha, nikamchukua pamoja nami fundi mmoja wa umeme, mzee ambaye mvi zimemuotea juu ya ngazi katika nyumba za watu.

Mwenye nyumba alitupokea kwa ukarimu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeenea juu ya bahari yote, lakini taa za nyumba ile, za sebuleni na za vyumbani, za barazani na za chooni, zilikuwa zimewashwa zote, na feni ya darini inazunguka, ili mnunuzi aone kwa macho yake kwamba umeme upo na unafanya kazi. Mpwa wangu alitazama juu, akatabasamu, akanigeukia kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake. Fundi hakusema neno. Aliomba meni suichi izimwe, akahakikisha kwa chombo chake kuwa umeme umekatika kweli, akatoa bisibisi, akafungua kifuniko cha swichi ya sebuleni, swichi nene ya kahawia ya mtindo wa zamani, akauvuta waya kidogo kwa ncha za vidole. Ganda la mpira lililouzunguka waya ule lilivunjikavunjika likamwagika kiganjani mwake, jeusi na kavu, mfano wa ganda la korosho lililosahauliwa motoni, na shaba ikabaki tupu mbele yetu. "Mjukuu wangu," akamwambia mpwa wangu, "taa imekuambia kuwa umeme unafika. Haijakuambia unapitia wapi."

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya namna tunavyozihukumu nyumba zetu, na kila nifikiripo naona kwamba katika jambo hili la nyaya kongwe tumekubali ushahidi ambao kadhi yeyote angeukataa. Kadhi hamkubali shahidi anayenena juu ya jambo ambalo hakulishuhudia. Walakini sisi tunainunua nyumba, tunaipangisha, tunairithi na kuwalaza watoto wetu ndani yake, kwa ushahidi wa taa, na taa haikushuhudia chochote katika yale yanayopita ndani ya kuta na juu ya dari. Taa huwaka vilevile juu ya waya mzima na juu ya waya uliovuliwa nguo. Huwaka katika nyumba yenye waya wa ardhi na katika nyumba isiyokuwa nao. Huwaka jioni ya leo katika nyumba ambayo alfajiri ya kesho itakuwa majivu.

Ili msomaji aelewe kwa nini Mtwara inahusika na jambo hili kuliko miji mingi, hapana budi nimrudishe nyuma kidogo. Mji huu, tofauti na Mikindani iliyo jirani yake, ambayo ilikuwa bandari ya majahazi tangu zamani na ambayo Livingstone aliondokea katika mwaka 1866 kwenda safari yake ya mwisho, ulijengwa kwa haraka katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, pale Serikali ya Kiingereza ilipoingiwa na tamaa ya kulima karanga huko Nachingwea na kuzisafirisha kwa reli hadi kwenye bandari mpya ya kina kirefu. Karanga hazikustawi, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Lakini nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maofisa zilibaki, na nyingine zikajengwa baada yake kwa mfano wake, na ndani ya nyumba za zama zile mafundi walipitisha nyaya za desturi ya Uingereza ya wakati ule, nyaya za shaba zilizovikwa mpira na uzi wa pamba, zikaingizwa katika mabomba ya chuma au zikapigiliwa misumari juu ya mbao. Plastiki tuionayo leo katika kila waya ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuenea.

Mpira una ajali yake. Ukiwa mpya ni laini na hauruhusu umeme kuvuja, bali joto na hewa huunyausha mwaka hata mwaka, na aghalabu baada ya miaka 25 au 30 huanza kukauka na kupasuka, hasa pale unapokaribiana na taa au unapolala darini. Na dari zetu si dari za Ulaya. Mtu yeyote aliyewahi kupanda chini ya bati mwezi wa Novemba, saa nane za mchana, anajua ni tanuri gani lililoko kule juu. Hata plastiki, ambayo kwa kawaida hutengenezwa ili kuhimili joto la nyuzi 70 katika shaba yake, ikilazwa katika tanuri lile hupungukiwa na uwezo wake, maana waya ulio na joto tayari hauna nafasi kubwa ya kuongezewa joto jingine na mzigo unaoupitia. Ongeza juu ya hayo chumvi ya bahari, ambayo hutua juu ya kila kitu katika mji huu, hula skrubu za soketi na kutoboa mabomba ya chuma; na huko Mikindani, ambako kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa zinazonywa unyevu na kuushika, chumvi ile hukaa ukutani daima na kuupa umeme njia ambayo fundi hakuichora.

Lakini uzee wa waya ni nusu tu ya kisa, na pengine ni nusu ndogo. Nusu kubwa ni kwamba maisha yamebadilika na waya haukubadilishwa. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi hazikuunganishwa na gridi ya Taifa, zikaishi kwa mashine za dizeli, na umeme ulikuwa kitu cha kukatika na kungojewa; nyumba ilikuwa na taa tano au sita, redio, na kwa wachache feni au friji. Taa 6 za wati 60, katika volti 230, hazivuti hata ampea 2. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 ikakaa chini ya mchanga wa Msimbati kwa zaidi ya miaka 20, ilipoanza kuendesha mitambo ya kufua umeme mjini Mtwara mwaka 2007, watu walipata sababu ya kununua vyombo. Na kila msimu wa korosho ulio mwema huingiza katika nyumba zetu friza za samaki, pasi, na mabirika ya umeme ambayo moja peke yake, likiwa la wati 2,000, huvuta karibu ampea 9. Vyombo hivyo vinakwenda kuchomekwa wapi? Vinachomekwa katika soketi ambayo mtu, hatujui nani na hatujui lini, aliichukua katika waya wa taa kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Sasa tumeambiwa, na ni vema tumeambiwa, kwamba tuache kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, na majiko ya umeme yamo katika nishati inayosifiwa. Naiunga mkono azma hii kwa moyo wangu wote, maana nimeona macho ya mama zetu yalivyoharibiwa na moshi. Lakini jiko la umeme linapopelekwa katika nyumba kongwe bila ya mtu kuutazama waya utakaolilisha, tunamwondolea mama moshi wa jikoni na kumwekea moto darini.

Nirudi Shangani, maana fundi hakuishia kwenye swichi. Alitupeleka kwenye sanduku la fyuzi lililokuwa nyuma ya mlango wa ghala, akavuta nje kipande kimoja cha kauri nyeupe, kile cha mzunguko wa taa, akatuonyesha. Fyuzi za aina hii ni za kufungwa waya mwembamba kwa mkono, na kwa mzunguko wa taa wa ampea 5 waya unaostahili ni mwembamba kama unywele mnene, milimita 0.2 tu, ili umeme ukizidi uyeyuke wenyewe na kuinusuru nyumba. Waya tuliouona pale ulikuwa mnene kuliko milimita 0.85, ambao ni unene wa fyuzi ya ampea 30, yaani ampea mara sita ya zile zilizokusudiwa. Bila shaka usiku mmoja fyuzi ilikatika, watoto wakalia gizani, duka likawa limefungwa, na mtu mwenye nia njema akachuna uzi mmoja wa shaba katika kebo akafunga, taa zikawaka, na kila mmoja akalala kwa amani. Tangu usiku ule mlinzi wa nyumba ile alikuwa amekufa mlangoni, na hakuna aliyejua, kwa kuwa maiti yake ilikuwa ikipitisha umeme vizuri kuliko alivyokuwa hai.

Kisha akatuuliza swali lililomshangaza mwenye nyumba mwenyewe: waya wa ardhi umefungwa wapi? Tuliufuata kwa macho kutoka kwenye sanduku, waya wa shaba uliogeuka kijani, ukateremka ukutani, ukaingia bafuni, ukafungwa kwa kibano juu ya bomba la maji la chuma. Hiyo ilikuwa desturi halali ya zamani, kwa kuwa bomba la chuma lililozikwa ardhini masafa marefu lilikuwa njia nzuri ya kuupeleka umeme uliopotea chini ya udongo. Fundi akatoka nje, akachimbachimba kwa kijiti mahali bomba lilipoingia nyumbani, akapata plastiki nyeusi. Bomba la mtaani lilibadilishwa zamani, maji yakaendelea kutoka bombani, na nyumba nzima ikapoteza ardhi yake siku hiyo hiyo bila ya taa hata moja kupepesa.

Jambo hili la ardhi ndilo ambalo watu wengi hulidharau, nami naomba stahamala ya msomaji nilieleze kwa hesabu. Tuseme mtu ana nondo yake ya shaba iliyopigiliwa uani, na udongo wake ni mchanga, kama ulivyo mahali pengi tangu Msimbati hadi Mikindani, na ni kiangazi, mchanga umekauka, hata upinzani wa nondo ile ukafika omu 100. Waya wa moto ukigusa mwili wa friji, umeme utakaokwenda ardhini ni volti 230 kwa omu 100, yaani ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 5 haitakatika kwa ampea 2.3, wala ya 15, wala ya 30. Friji itaendelea kunguruma, maji yatapoa, na mlango wake utakuwa unangoja mkono wa mtoto aliyetoka kuoga na miguu yake mibichi. Umeme unaoweza kuusimamisha moyo wa binadamu hauhesabiwi kwa ampea bali kwa sehemu za elfu za ampea. Ndiyo sababu katika ardhi kama yetu nondo peke yake haitoshi, na ndiyo sababu kile kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake RCD, kinachokata umeme wote pindi miliampea 30 zinapovuja, ndicho kitu cha kwanza ambacho ningemtaka kila mwenye nyumba kongwe akinunue, kabla ya rangi, kabla ya vigae, kabla ya mageti.

Nimekwisha kusikia hoja za wanaopinga, na si hoja za kipuuzi. Wapo wasemao kuwa nyumba hizi zimesimama miaka 70 na hazikuungua, na kwamba kuingia na nyundo katika kuta zake ni kumfilisi mjane ambaye mali yake yote duniani ni nyumba ile. Nakubaliana nao katika nusu ya usemi wao. Uzee si hatia. Nimeonyeshwa nyaya za zama za karanga zilizopitishwa ndani ya bomba la chuma mahali pa kivuli, mbali na joto na mkono wa mdadisi, ambazo ganda lake lilikuwa bado linapindika. Nami nimeona nyaya zilizonunuliwa mwaka juzi, zenye rangi za kupendeza na maandishi ya kughushi, ambazo ndani yake shaba ni utando tu juu ya alumini. Mkaguzi ambaye kazi yake ni kusema "ni za zamani, zing'olewe zote" hakukagua kitu. Amesoma umri na kutoa hukumu. Insafu ni kupima. Kipo chombo ambacho mafundi wetu hukiita mega, ambacho husukuma volti 500 katika waya uliotengwa na umeme na vyombo vyote, na kuonyesha ganda la waya ule lina nguvu gani ya kuzuia mvujo. Kanuni za Uingereza, ambazo ndizo mama wa desturi zetu, zinataka kipimo kisipungue omu milioni 1. Chombo hiki hakijali waya una umri gani wala mwenye nyumba ni nani. Lakini hata chombo hiki chahitaji mtu mwenye akili nyuma yake, kwa kuwa mpira mkavu ambao haujaguswa waweza kupima vizuri asubuhi na kumwagika jioni mtu anapobadilisha swichi. Kwa hiyo kipimo na jicho na mkono huendeshwa pamoja, na kimoja hakimuuzulu mwenzake.

Wapo pia wasemao kwamba ulinzi umekwisha wekwa na sheria. Ni kweli kwamba mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA kwa madaraja yao, na mtu aombapo kuunganishiwa, TANESCO humtaka alete mchoro wa wayaringi uliojazwa na kugongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Utaratibu huu ni mwema, na umeokoa roho nyingi ambazo hatutazijua. Lakini ni utaratibu wa siku moja. Ni mfano wa mtoto aliyepimwa afya siku ya kuzaliwa, akapewa cheti, na cheti kile kikatumika kumtetea akiwa mzee wa miaka 70. Mita ya zamani iling'olewa ikaja ya Luku, umeme ukaingia kwa tarakimu, mambo ya mbele ya mita yakawa mapya kabisa. Ya nyuma ya mita yakabaki kama alivyoyaacha fundi ambaye amekwisha kuzikwa. Katika umri wangu wote, na nimepanga nyumba nyingi katika miji ya pwani hii, sijapata kuona mwenye nyumba akimkabidhi mpangaji hati ya ukaguzi wa umeme pamoja na funguo. Nyumba moja niliyopanga nikiwa kijana ilikuwa na bomba la mvua lililotutekenya kila tulipolishika. Tulipolalamika tuliambiwa tuvae kandambili, nasi, Mungu atusamehe, tulivaa, tukaona shauri limekwisha.

Wenzetu wa Uingereza, ambao nyumba zao nyingi ni kongwe kuliko zetu, waliona mwisho wake kwamba jambo hili haliachiwi hiari ya mtu. Tangu mwaka 2020 sheria inamlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha katika nchi ya England kuikaguza na kuipima nyumba yake kwa mtaalamu angalau mara moja katika miaka 5, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Sisemi tuichukue sheria yao nzima tuivae kama kanzu ya kuazima. Sisi hatuna mafundi wenye mega katika kila kata, na ukaguzi wa kila miaka 5 kwa kila nyumba ungegeuka karatasi ya kununuliwa mlangoni. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho, na kwa udogo wake kinawezekana: kwamba nyumba iliyotiwa umeme zamani isibadilishe mikono, kwa kuuzwa au kwa kupangishwa, ila baada ya kukaguliwa na fundi mwenye leseni ambaye si yeye atakayelipwa kwa kazi ya kuitengeneza. Sharti hili la mwisho nalishikilia kwa nguvu, maana fundi anayekagua ili apate kazi ataona ubovu hata usipokuwapo, na yule aliyeifanya kazi ya kwanza hatauona hata ukimkodolea macho. Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani yaweza kuanza na nyumba zake yenyewe, na chuo cha VETA kilichopo hapa hapa chaweza kuwafundisha vijana si kufunga nyaya mpya tu, bali kuzisoma za zamani, maana hizo ni elimu mbili.

Nasema kuzisoma kwa sababu nyaya zina lugha yake na lugha ile imebadilika. Katika nyumba kongwe wekundu ni moto, weusi ni nyutro, kijani ni ardhi. Katika nyumba mpya kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na ardhi ni kijani na manjano kwa pamoja. Kama ingekuwa ni rangi zimebadilika tu, hatari ingekuwa ndogo. Lakini katika mfumo wa nyaya tatu za moto, buluu ya zamani ilikuwa moto na sasa ni nyutro, na weusi uliokuwa nyutro sasa ni moto. Kijana aliyehitimu jana, akifungua sanduku la mwaka 1955 kwa imani aliyofundishwa darasani, aweza kuushika waya wa mauti akiudhani wa amani. Na katika nyumba nyingi utazikuta lugha zote mbili zimeunganishwa katika boksi moja, kwa kuwa kila fundi aliyepita aliongeza kwa lugha yake.

Tena ripoti ya mkaguzi, ili iwe shahada kweli, yapasa iwe na mafungu matatu: niliyoyaona, niliyoyapima, na ambayo sikuyaona. Hili la tatu ndilo linalokosekana katika ripoti nilizobahatika kuzisoma, ambazo huandikwa kana kwamba mkaguzi alikuwa na macho yanayopenya matumbawe. Hakuna mtu anayeweza kuuona waya wote wa nyumba bila ya kuibomoa. Mwenye nyumba anajua, mnunuzi anajua, mkaguzi anajua zaidi yao wote. Basi aseme. Aandike kwamba dari ya upande fulani haikufikika, kwamba ukuta fulani umefunikwa, kwamba mzunguko fulani haukupimwa kwa sababu friza imejaa samaki na mwenyewe hakukubali izimwe. Mnunuzi aliyeambiwa mipaka ya ujuzi wa mkaguzi ana kitu cha kufanyia kazi; aliyeambiwa kwamba kila kitu kiko salama hana kitu ila matumaini aliyoyalipia.

Mpwa wangu aliinunua nyumba ile. Bei ilishuka, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mtu wa haki na kiganja kilichojaa mpira mweusi hakikuhitaji dalali. Siku ya kwanza, kwa fedha ambazo hazikufika thamani ya friji moja, fundi alibadilisha sanduku la fyuzi, akapigilia nondo mpya mbili uani na kuziunganisha, akaweka kifaa cha kukata mvujo, na akaikata soketi moja ambayo nayo ilikuwa imechukuliwa katika waya wa taa. Nyaya zenyewe walikubaliana zibadilishwe chumba baada ya chumba kwa misimu miwili, za darini kwanza. Kisha akamwandikia karatasi kwa mkono wake, yenye mafungu matatu. Katika la tatu aliandika mistari miwili: kwamba hakuiona dari ya jikoni, kwa kuwa haina mlango, na kwamba hakuuona ukuta wa kaskazini wa chumba kikubwa, kwa kuwa kabati la mvule limejengewa mbele yake.

Mpwa wangu hakupata usingizi mzuri kwa ajili ya mstari ule wa pili. Juma lililofuata alimwita seremala, kabati likatolewa kipande kwa kipande bila ya kuharibiwa, na fundi akaitwa tena. Nyuma yake, kwa kimo cha kiuno, nyaya mbili zilikuwa zimetoka ukutani, zimesokotwa pamoja kwa mkono na kuzungushiwa kitambaa cha kanga. Kitambaa kile kilikuwa kimeungua upande mmoja, na mbao za mgongo wa kabati zilizokielekea zilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani. Fundi alilitazama kwa muda, akaitoa karatasi yake mfukoni mwa mpwa wangu, akaufuta mstari ule katika fungu la tatu, akauandika upya katika la kwanza, na chini yake akatia tarehe.